Kabla ya Kufungua Injini ya Gari la Kale



Datsun 240Z ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973. Mwenye gari la namna hiyo hutamani lirudi katika nguvu zake, na kutamani si kosa. Hasara huanza pale injini inapofunguliwa kabla ya kupimwa.

Kwanza, tunawashauri mchungulie chini ya gari. Upepo wa chumvi wa pwani yetu hula chesisi na sakafu. Zikiwa zimeoza, injini mpya haitaliokoa gari.

Pili, mdai kipimo cha kompresheni kwa kila silinda. Shinikizo likiwa dogo, fundi atie mafuta kidogo ya injini ndani ya silinda, kisha apime tena. Likipanda, ringi au silinda zimelika. Lisipopanda, huenda tatizo liko kwenye valvu au gasketi, na hapo si lazima kufungua injini nzima.

Tatu, makubaliano yawe ya maandishi: kazi, spea, bei, siku ya kumaliza, na spea kuukuu zirudishwe kwenu. Bloku ikihitaji kupelekwa Dar es Salaam kuchongwa, gharama ya usafiri itajwe mapema. Nguvu ikiongezwa, breki nazo zikaguliwe. Injini ikibadilishwa nzima, namba yake irekebishwe kwenye kadi ya gari, TRA.

Risiti zitunzeni, bila hizo, malalamiko hukosa ushahidi.