Baada ya Mionzi ya Mwisho

*Mada kwa semina ya wauguzi na washauri nasaha*

Mwaka 1996 Irve Le Moyne, afisa wa Jeshi la Majini la Marekani aliyekuwa akitibiwa saratani, alipeleka kengele ya shaba katika hospitali ya MD Anderson, Houston, ili aigonge siku ya kumaliza mionzi. Desturi hiyo ikaenea hospitali nyingi. Lakini utafiti uliotolewa mwaka 2019 na madaktari wa Los Angeles, uliohusisha wagonjwa 206, ulionyesha kwamba waliogonga kengele ndio waliobaki na kumbukumbu chungu zaidi za matibabu. Watafiti walitarajia kinyume chake.

Wauguzi wa wodi za saratani pengine hawatashangaa. Mgonjwa akiwa kwenye mionzi ana ratiba, ana wenzake wa kwenye benchi, ana nesi anayemjua kwa jina. Siku ya mwisho vyote hivyo hukatika kwa mpigo.

Nyumbani hupokewa kwa pilau na dua. “Mungu mkubwa, umepona!” Wageni wakishaondoka, mwanamke aliyetolewa tezi za kwapani hugundua kwamba mkono umevimba na ndoo ya maji haibebeki tena. Ziwa lililokatwa amelijazia kitambaa ndani ya sidiria. Aliyechomwa mionzi ya shingo ya kizazi huumia akikutana na mumewe, na hilo hamwambii mtu, hata mama yake. Akilalamika ataonekana hana shukrani. Kisha huja kliniki ya marudio: usingizi huanza kupaa siku kadhaa kabla ya majibu, na kila kikohozi huwa saratani imerudi.

Fitzhugh Mullan, daktari wa Marekani aliyeugua saratani akiwa kijana, aliyaandika haya mwaka 1985 katika New England Journal of Medicine. Aliyagawa maisha ya mgonjwa katika misimu mitatu, na wa pili, ule wa kungoja baada ya matibabu, alisema hutawaliwa na hofu ya ugonjwa kurudi.

Hofu hiyo huchochewa hata na taarifa ya habari. Julai 2019 Kenya ilimpoteza Bob Collymore, mkuu wa kampuni ya simu ya Safaricom. Kabla mwezi haujaisha wakafariki mbunge Ken Okoth na gavana Joyce Laboso, wote kwa saratani. Nchi iliomboleza na kudai mashine za kutibu saratani. Aliyemaliza dozi yake alikuwa na swali jingine: kama wenye uwezo wa kutibiwa ng’ambo wamekwenda, yeye je?

Kipimo cha dhiki kama hiyo kipo, wala hakihitaji umeme. Wataalamu wa saratani Marekani, wakiongozwa na daktari wa akili Jimmie Holland, walibuni picha ya kipimajoto: mgonjwa huonyesha dhiki yake kuanzia 0 hadi 10, na akifika 4 huulizwa zaidi. Sisi tukikitumia, huwa siku ya kwanza, faili linapofunguliwa. Pendekezo la mada hii ni kirudiwe kwenye kliniki ya miezi mitatu baada ya matibabu, chumbani, mume na wifi wakiwa wamesubirishwa nje.