NYUMBA NI DARASA LA KWANZA
Malezi na masomo ya nyumbani katika ukanda wa dhahabu

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika, Shinyanga)



 

Mada tuliyopewa ni familia ya Kikristo na kumfundisha mtoto nyumbani. Wageni wetu wamekuwa wakituuliza juu ya jambo hili. Wale wa Marekani wanatoka katika nchi ambayo tangu 1993 majimbo yote yanamruhusu mzazi kumfundisha mtoto wake nyumbani badala ya kumpeleka shule. Wale wa Ujerumani wanatoka katika nchi ambayo sheria inamtaka kila mtoto aende shuleni. Hapa kwetu Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi amwandikishe shule mtoto aliyefikisha miaka saba, na ahakikishe anahudhuria mpaka amalize elimu ya msingi.

Kwa hiyo hatukuja kuwaambia wazazi wawatoe watoto shuleni. Katika Shinyanga na Geita wapo watoto wa kutosha walio nje ya shule. Tumekuja kusema kwamba shule peke yake haitoshi, na kwamba mtoto mwenye mtu wa kumsomesha nyumbani jioni ndiye anayedumu shuleni. Saa hiyo ya jioni ndiyo inayopotea katika ukanda wetu wa dhahabu, na tunaziomba kamati za sharika ziilinde.

1. Tulichoachiwa na wazee na Kanisa

Kufundisha nyumbani si jambo geni Usukumani. Wazee wetu walikuwa na shikome, ule moto wa jioni ambao vijana waliuzunguka na kufundishwa na wazee juu ya ng'ombe, ukoo, heshima na kazi. Mabinti walijifunza kwa mama na bibi. Hakuna mzee aliyesema kazi hiyo ni ya mwalimu wa serikali.

Kanisa letu nalo lina urithi wake. Martin Luther alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliielekeza kwa mkuu wa kaya, ili awafundishe watu wa nyumbani kwake kwa maneno rahisi. Luther huyohuyo, miaka mitano kabla, yaani 1524, aliwaandikia viongozi wa miji ya Ujerumani akiwahimiza waanzishe shule. Alitaka nyumba na alitaka shule. Leo katika sharika nyingi katekisimo imebaki mikononi mwa Mwinjilisti na watoto wa Kipaimara, na baba wa nyumba hajui mtoto wake amefikia wapi.

Tumkumbuke pia Timotheo. Mtume Paulo anaitaja imani yake kuwa ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Katika vijiji vyetu ambako wazazi wengi wamekwenda machimboni, akina bibi kama Loisi ndio wanaolea.

2. Hali ilivyo katika ukanda wa dhahabu

Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, mwaka 2001. Pembeni yake, na mahali ambapo hakuna mgodi mkubwa kabisa, wapo maelfu ya wachimbaji wadogo: Nyarugusu, Mgusu, Lwamgasa, Mwakitolyo na kwingineko. Wengi wao ni waumini wetu, na sadaka zao zimejenga makanisa. Hatuwasemi vibaya. Tunasema tu kazi hii inaifanyia nini nyumba.

Kwanza, inamwondoa baba. Ikisikika rashi mahali, wanaume huondoka usiku uleule. Baba anaweza kukaa kwenye duara miezi mitatu bila kujua mtoto yuko darasa la ngapi.

Pili, inamchosha mama. Mama anayewapikia wachimbaji huamka saa 10 alfajiri na kurudi usiku. Mtoto wa kwanza, mara nyingi binti, ndiye anayebaki na wadogo zake.

Tatu, inamvuta mtoto mwenyewe. Anaanza kwa kuuza maji na karanga, kisha anabeba mawe kwenda kwenye karasha, kisha anaosha mchanga kwenye mwalo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na inakataza kazi za hatari, kama zile za machimboni, kwa kila aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto katika machimbo madogo ya Tanzania, yakiwemo ya Geita na Kahama. Yaliyoandikwa humo hayakuwashangaza wainjilisti wetu.

Nne, inaleta sumu nyumbani. Zebaki inayokamatia dhahabu huchomwa, na wapo wanaoichoma jikoni, kwenye jiko lilelile la uji. Moshi wake hudhuru ubongo wa mtoto, na mama mjamzito humdhuru hata aliye tumboni. Tanzania iliridhia mwaka 2020 Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki, lakini mkataba haulindi jikoni kwetu kama sisi wenyewe hatukatai. Tunaposema nyumba iwe darasa, jambo la kwanza ni zebaki itoke ndani ya nyumba hiyo.

Tano, inahamisha familia bila taarifa. Mtoto huondolewa katikati ya muhula bila barua ya uhamisho, na akifika huko hapelekwi shule kwa sababu "tutarudi karibuni". Wengi hawarudi.

3. Shule inaweza nini, na haiwezi nini

Tunaishukuru Serikali. Ada ya shule za msingi ilipofutwa na MMEM ukaanza mwaka 2002, watoto walijaa madarasani. Mwaka 2016 elimu bila ada ilifika kidato cha nne. Lakini wingi huo umewaelemea walimu. Zipo shule mkoani Geita ambako mwalimu mmoja anasimama mbele ya watoto zaidi ya 100. Tupige hesabu pamoja: kipindi cha dakika 40 kwa watoto 100 kinampa kila mtoto sekunde 24. Hata mwalimu awe hodari namna gani, kwa sekunde 24 hawezi kujua kama mtoto wako anasoma au amekariri.

Nyumbani, mzazi anayekaa na mtoto dakika 15 kila jioni anampa muda ambao shule haiwezi kumpa.

Jambo hili tulishalijaribu sote bila kupanga. Tarehe 17 Machi 2020 Serikali ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya UVIKO-19, na shule za msingi zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni. Kwa zaidi ya miezi mitatu, upende usipende, kila nyumba Tanzania ilikuwa shule. Masomo yalirushwa kwa redio na televisheni, lakini kaya nyingi za kwetu hazikuwa na televisheni, na redio ilikuwa inasikiliza taarifa ya habari na mpira. Shule zilipofunguliwa tuliona tofauti. Mtoto ambaye mama yake alimtaka asome ukurasa mmoja kila jioni alirudi akiwa bado anasoma. Mtoto aliyepelekwa kwenye karasha alirudi akiwa amezoea kushika fedha yake mwenyewe, na wengine hawakurudi kabisa.

4. "Sisi hatukusoma, tutafundisha nini?"

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi na akina mama vijijini, na ni swali la haki. Majibu yetu ni matatu.

Jibu la kwanza: mzazi asiyejua kusoma anaweza kusikiliza. Mwambie mtoto akae mbele yako, afungue daftari, asome kwa sauti, kisha akueleze kwa Kisukuma alichosoma. Asipoweza kueleza, hakuelewa. Kulijua hilo hakuhitaji cheti. Watoto wetu wengi wanakutana na Kiswahili cha vitabu wakiwa darasa la kwanza, na kueleza somo kwa lugha ya nyumbani kunawasaidia kulishika.

Jibu la pili: maisha ya nyumbani yamejaa masomo. Mtoto ahesabu chenji ya sokoni, apime debe la mpunga, agawanye viazi kwa watu saba, asome tarehe kwenye kadi ya kliniki ya mdogo wake. Mafumbo na hadithi za bibi humfundisha kufikiri. Sala ya jioni na fungu moja la Biblia humfundisha kusoma na kumcha Mungu kwa pamoja. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inawaagiza wazazi wazungumze na watoto wao juu ya maneno ya Mungu wakiwa nyumbani, wakiwa njiani, wakilala na wakiamka. Hiyo ni ratiba ya siku nzima, na haimtaki mtu awe msomi.

Jibu la tatu: mama anaweza kujifunza. Kuanzia 1968 hadi 1972 mikoa minne ya Kanda ya Ziwa wakati ule, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ilikuwa na mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima ulioendeshwa na Serikali pamoja na UNESCO, makao yake Mwanza. Watu walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyozungumzia kazi zao: pamba, ng'ombe, uvuvi, mapishi na usafi wa nyumba. Wapo bibi na babu zetu walioanza kuandika majina yao kwa msaada huo, baada ya kutoka shambani. Kama waliweza wakati wa jembe la mkono, vikundi vyetu vya akina mama vya kuweka na kukopa vinaweza leo. Mama anayejifunza kuandika daftari la kikundi atasoma pia daftari la mtoto wake.

5. Tunaloziomba kamati za sharika

Kwanza, kila jumuiya ikubaliane juu ya saa ya nyumbani, tuseme kuanzia saa 1:30 hadi saa 2:30 usiku. Katika saa hiyo mtoto hatumwi dukani wala gulioni, redio inazimwa, na mtu mzima mmoja, awe mama, baba, bibi au kaka mkubwa, anakaa naye. Wazee wa kanisa waulize habari za saa hiyo wanapotembelea nyumba, kama wanavyouliza habari za ahadi.

Pili, akina baba walio machimboni wapige simu katika saa hiyo. Tunazo familia ambazo baba yuko Geita na mtoto anamsomea kwa simu aya moja kabla ya kulala. Gharama ni dakika chache za maongezi. Mtoto anajua kwamba baba anamwangalia.

Tatu, kila usharika uwe na orodha ya watoto wasiokwenda shule katika mitaa yake, bila kujali dini ya wazazi. Walio wakubwa kwa darasa la kwanza wapelekwe kwenye MEMKWA, mpango uliowekwa kwa ajili ya waliokosa elimu ya msingi kwa wakati. Mabinti waliopata watoto waelezwe kwamba tangu Novemba 2021 Serikali imewaruhusu kurudi katika shule za kawaida. Wengine bado hawajui, na wazazi wengine hawapendi wajue.

Nne, familia inayohama kufuata kazi isaidiwe kupata barua ya uhamisho, na mchungaji aandike kwa mwenzake wa huko ili familia ipokelewe.

6. Neno kwa marafiki wanaotusaidia

Mmetusaidia kujenga madarasa na kununua madawati, na tunashukuru kutoka moyoni. Jengo huonekana kwenye picha, na usharika wenu unafurahi kuliona. Saa ya jioni katika nyumba ya udongo haipigiki picha. Hata hivyo tunawaomba muiweke katika bajeti zenu. Inahitaji vitu vidogo: taa ya sola kwa nyumba isiyo na umeme, sanduku la vitabu linalozunguka kutoka jumuiya hadi jumuiya, posho ya mwalimu wa kisomo cha akina mama. Inahitaji pia uvumilivu, kwa sababu matunda yake hayaonekani ndani ya robo mwaka. Katika taarifa zetu tutawaandikia idadi ya nyumba zinazoshika saa hiyo na zile zilizoiacha, na sababu za kuiacha. Tunawaomba mzisome zote mbili.

Ndugu zetu, wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Dhahabu ya Geita imekaa ardhini muda mrefu na inaweza kungoja mwaka mwingine. Mtoto wa miaka tisa hawezi kungoja. Mwakani atakuwa na miaka kumi, na karasha iko mita mia mbili kutoka mlangoni kwao. Tukitoka hapa, kila mjumbe aanze na nyumba yake mwenyewe, jioni ya leo.