MAJIRA YA MLIMANI NA KALAMU YETU
(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Twataka kusema machache juu ya majira ya mwaka, kama tuyaonavyo sisi tufanyao kazi chini ya Mlima Kilimanjaro. Huenda mmoja wenu akauliza, Karani na mvua wana shirika gani? Mkulima ndiye aangaliaye mawingu; karani huangalia saa ya ukutani. Twaomba subira yenu, maana hilo ndilo tulilokuja kulieleza: shirika lipo, tena ni kubwa.

Katika ofisi mwaka una miezi 12, na kila mwezi ukiisha hesabu yake hufungwa. Mlimani mwaka hauendi hivyo. Kuanzia Machi hata Mei ni masika. Upepo utokao baharini huja na unyevu, hukutana na mlima, hupanda juu na kupoa, na unyevu ule huwa mvua. Ndiyo sababu upande wa kusini, kama Machame, Kibosho na Marangu, hunyeshewa sana kuliko upande wa kaskazini uliojificha nyuma ya mlima. Toka Juni hata Agosti ni wakati wa baridi; ukungu hulala vihambani juu ya migomba, wazee hukaa karibu na moto, na kahawa huanza kuchumwa. Kisha ardhi hukauka, na hapo ndipo thamani ya mfongo hujulikana, maana kila nyumba hungojea zamu yake ya maji. Karibu na Novemba vuli huingia. Mwezi wa Januari na Februari jua huwa kali. Watu hushuka kutayarisha mashamba ya chini, wapate kupanda mahindi na maharagwe mara masika yatakapofika.

Huo ndio mpango tuliofundishwa na wazazi wetu. Lakini mpango si amri, wala mvua haikutia sahihi mkataba na mtu. Vuli ya mwaka 1997 ilizidi kipimo, ikaendelea mpaka mwanzo wa 1998, ikabomoa madaraja na njia katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Mwaka 2022 mambo yaligeuka: mvua zilichelewa, Mto Ruvu unaotoka milima ya Uluguru ukapungua, hata watu wa Dar es Salaam wakagawiwa maji kwa zamu, kama wagawiwavyo watu wa mfongo. Hapo wakazi wa mji mkubwa walijua kwamba bomba nalo lina mlima wake.

Sasa twaja kwenye kazi yetu. Ndugu, mnajua jinsi taarifa ya mwaka inavyoandikwa mahali pengi. Jalada la mwaka jana hufunguliwa, na maneno haya hunakiliwa: "Mvua zilianza kama kawaida." Maneno mafupi, hati nzuri, wala hakuna mkubwa atakayeyauliza. Lakini tuyafuate maneno hayo yaendako. Aliye mbali huyasoma na kupanga kwamba mbegu zifike wiki ile ile ya mwaka jana. Mvua zikitangulia, mbegu hukuta udongo umekwisha kulowa na siku za kupandia zimepita. Zikichelewa, mtu hupanda katika vumbi na mbegu huliwa na wadudu. Miezi mitano baadaye mama mmoja anaangalia ghala tupu. Hamjui karani, wala karani hamjui yeye. Walakini kati yao kuna mstari mmoja wa wino.

Wala msidhani kwamba wenye elimu tu ndio waonao. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima huu una weupe kileleni, na aliyemwongoza njia aliutaja weupe ule kwa neno alilokuwa nalo, yaani baridi. Rebmann aliandika kwamba ni theluji. Wataalamu wengine wa Ulaya, ambao hawajafika hapa, walikataa kwa miaka mingi, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na mstari wa ikweta. Kumbe aliyekuwa na haki ni yule aliyesimama mahali penyewe akatazama. Nasi tumewekwa mahali penyewe. Tukinakili jalada badala ya kutazama, tunajiweka pamoja na wale waliobisha kutoka mbali.

Twapenda kuongeza jambo moja, maana hata kutazama kwahitaji akili. Kila mgeni akifika Moshi huinua macho kwenye theluji, na kwa kweli theluji yapungua. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilienea karibu kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 haikufika 2. Ni habari ya kuhuzunisha. Walakini maji ya mifongo na ya chemchemi hayatoki sana katika barafu ile. Juu kabisa mvua ni chache; mvua nyingi huangukia msituni, na miti hukamata hata ukungu upitao, ikadondosha tone kwa tone, na ardhi ya msitu huyanywa maji yale na kuyatoa polepole wakati wa kiangazi. Mwezi wa Oktoba 2020 moto ulipowaka juu mlimani, picha zilionyesha moshi na kilele. Lakini aliyejua maji yatokako alihesabu eneo la mimea lililoungua. Basi, tusihesabu tu kile kinachong'aa.

Kwa hiyo twaleta shauri mbele ya mkutano huu. Kwanza, kila mwanachama aliye karibu na mlima wowote, uwe Kilimanjaro, Meru, Usambara au Uluguru, awe na daftari, aandike tarehe ya mvua ya kwanza na ya mwisho ya kila msimu, na siku ambazo mfongo au kijito kilikauka. Pili, mahali penye chombo cha kupimia mvua, kisomwe kila asubuhi kwa saa ile ile, hata siku ya sikukuu. Na siku isiyosomwa iandikwe kwamba haikusomwa, isijazwe kwa kubahatisha. Tatu, kabla ya kuandika taarifa, tuwaendee wazee wagawao maji ya mfongo, tuwaulize kwa adabu, maana wao huzijua siku za ukavu kwa majina ya watu waliogombania zamu.

Kazi hii haina posho, wala haitampandisha mtu cheo. Lakini wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu; na dalili ya karani mwaminifu ni kuandika aliloliona, hata kama jalada la mwaka jana lasema lingine.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo yetu. Masika yajayo tuyapokee daftari zikiwa wazi.