Fomu ya Mchango kwa Jina la Mwenzetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati imenipa dakika kumi nieleze juu ya karatasi moja. Najua baadhi yenu mmecheka mliposikia kwamba mtumishi wa Serikali amekuja likizo na fomu mkononi. Chekeni, lakini mnisikilize, maana fomu hii imetokana na kosa, na kosa lenyewe ni langu.

Mwaka 2013 tulifiwa na mwenzetu wa darasa. Baada ya mazishi tulikubaliana tuchange fedha kwa jina lake, ziwalipie ada wanafunzi wa hapa wasio na uwezo. Wakati ule ada ya bweni katika sekondari za Serikali ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka. Mimi ndiye niliyeshika daftari. Niliandika majina ya waliotoa na kiasi cha kila mmoja, kama tunavyofanya katika daftari la rambirambi. Juu ya ukurasa niliandika jina la marehemu, lile tulilomwita bwenini.

Tulilipa miaka miwili. Januari 2016 Serikali ikaondoa ada kuanzia Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Lilikuwa jambo jema kabisa, ila sisi tulibaki na fedha benki ambazo kazi yake ilikuwa imekwisha. Wengine walitaka zinunue magodoro. Wengine walisema zihamie Kidato cha Tano na cha Sita, ambako ada iliendelea mpaka mwaka 2022. Mmoja alidai arudishiwe chake. Daftari langu halikuwa na neno la kutuamua, ndipo tukaona twende kwa mama mzazi wa marehemu, aseme yeye.

Mama alitupokea vizuri, akatupa chai. Tulipomweleza alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Wanangu, kumbe kuna fedha zilichangwa kwa jina la mwanangu, na mimi sikuambiwa?" Nikamfungulia daftari aone kila senti. Akatafuta jina la mwanawe, hakuliona. Lile la bwenini hakupata kulisikia hata siku moja.

Ndugu zangu, sikula fedha ya mtu, lakini siku ile sikuweza kuinua uso. Kwetu sisi, fedha ikichangwa kwa ajili ya msiba hujulikana kuwa ni rambirambi, nayo ni ya wafiwa. Sisi tulichanga kwa ajili ya shule, lakini nani alikwenda kumwambia hivyo? Kwa muda wa miaka mitatu jina la mtoto wake lilikuwa likitumika kukusanya fedha, naye akiwa palepale kijijini.

Basi, fomu. Mahali pa kwanza ni pa jina kamili la anayekumbukwa, kama lilivyo katika vyeti vyake, na la utani lifuate kwenye mabano kwa anayependa. Katika rasimu yangu niliandika "Jina la marehemu." Mjumbe mmoja akaniuliza kama anaruhusiwa kutoa kwa heshima ya mwalimu wake wa hisabati, ambaye yu hai na mwaka huu amevuna mahindi kutushinda sote. Nikafuta haraka. Sasa pana sehemu mbili, kwa kumbukumbu au kwa heshima, na aliye hai ni lazima aulizwe kwanza. Si kila mtu anapenda kutajwa.

Mahali panaponipa shida zaidi ni pa mtoaji. Siku hizi wengi hutuma kwa simu, na jina linalomtokea Mhazini ni la mwenye laini. Ukiazima simu ya shemeji yako, stakabadhi itaandikwa shemeji. Kwa hiyo mtoaji ajaze jina lake mwenyewe pamoja na namba ya muamala, na stakabadhi itatolewa kwake. Familia itapelekewa barua ya kueleza kwamba fulani na fulani wametoa, na kwamba fedha ni za shule. Kiasi hakitatajwa. Kamati ilibishana sana juu ya hilo, lakini mimi nasimama hapohapo: sitaki watoto wa marehemu waanze kupima rafiki za baba yao kwa shilingi.

Aidha, tunaandika jina na simu ya mtu wa familia. Hizo ni taarifa zake binafsi, na tangu mwaka 2022 tunayo sheria ya kuzilinda. Ataombwa ridhaa yake, naye atatia sahihi. Karatasi hizi zisije zikaonekana zimefungia maandazi.

Mwisho ni kusudi la mchango, na chini yake pana swali ambalo daftari langu halikuwa nalo: kusudi hilo likikoma, fedha zifanye nini? Mtoaji ataandika chaguo la pili, au ataiachia Kamati iamue pamoja na familia. Vijana wa Kidato cha Tatu mnaosoma utunzaji wa vitabu vya hesabu, hapo mtatusaidia, kwa sababu kila kusudi litakuwa na ukurasa wake katika leja.

Zile fedha za mwaka 2013, mama aliamua zinunue vitabu vya maktaba. Wiki iliyopita nilimpelekea fomu ya kwanza kabisa, ya mchango wangu wa mwaka huu. Aliomba kalamu, akaandika jina la mwanawe kwa mkono wake: la kwanza, la baba, la babu na la ukoo. Nafasi haikutosha, akamalizia pembeni. Ndugu Katibu, kabla hujapeleka kiwandani kuchapa, naomba uongeze mstari mmoja.