Bunduki Kuukuu na Mnunuzi Wake



Huko Mgeta, milimani Uluguru, kuna kijiji kiitwacho Bunduki. Leo nasema juu ya bunduki yenyewe: ya shabaha, ya risasi .22, iliyokwisha kutumika.

Kwanza leseni, kwa Sheria ya mwaka 2015, fedha baadaye. Pili, hakikisha ni tupu, kisha chungulia mtutu mwangani. Kutu ikiwa imekula mifereji, iache. Tatu, usifyatue bila risasi: pini huweza kugonga ukingo wa chemba na kuubonyeza.

Yangu ilitawanya risasi. Mtumishi wa mshahara, nikataka kukopa ninunue darubini. Fundi mwenye leseni akasafisha mtutu, akakaza skrubu za kitako, matundu yakakusanyika.

Vijana, tafuteni kasoro kabla ya kutafuta fedha.