Balozi na Gharama ya Msimamo



Nchi changa isiyo na manowari wala hazina kubwa huingia katika mikutano ya dunia na silaha mbili tu: hoja na msimamo. Hoja huandaliwa kwa kusoma, msimamo hulipiwa. Maisha ya Ndugu Salim Ahmed Salim, mwanadiplomasia mstaafu aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1942, ni ushahidi wa mambo hayo mawili.

Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 22, aliteuliwa kuwa Balozi nchini Misri. Mwaka uliofuata alihamishiwa India. Kijana wa umri huo angeweza kulewa cheo na kutosheka na gari lenye bendera. Yeye alijiunga na masomo katika Chuo cha St. Stephen's mjini Delhi. Baadaye, akiwa Mwakilishi wa Tanzania katika Umoja wa Mataifa, alisoma tena hadi akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Balozi hakuona aibu kuwa mwanafunzi.

Alikaa New York kuanzia mwaka 1970 hadi 1980, na tangu 1972 aliongoza Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ukoloni. Mwaka 1979 alichaguliwa kuwa Rais wa Baraza Kuu, akiwa na miaka 37. Agosti 1980 Baraza hilo, akiwa bado kitini, liliipokea Zimbabwe huru kuwa mwanachama. Mtu aliyeitetea Zimbabwe kwa miaka mingi katika Kamati ndiye aliyeongoza kikao cha kuikaribisha.

Lakini jambo lililomgharimu lilikuwa limekwisha kutendeka. Usiku wa tarehe 25 Oktoba, 1971, Baraza Kuu lilipiga kura kuhusu kiti cha China. Kwa zaidi ya miaka 20 kiti hicho kilikaliwa na wajumbe wa serikali ya Taiwan, na mamia ya mamilioni ya Wachina wa bara hawakuwa na msemaji. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoleta azimio la kuirejeshea Jamhuri ya Watu wa China haki yake. Kura 76 zilikubali, 35 zilikataa, na nchi 17 hazikupiga upande wowote. Wajumbe wa Tanzania walishangilia waziwazi ukumbini. Marekani, ambayo Balozi wake wakati huo alikuwa George Bush, haikusahau.

Miaka kumi ilipita. Mwaka 1981 Afrika ilimsimamisha Ndugu Salim kugombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Bush sasa alikuwa Makamu wa Rais wa Marekani. Katika Baraza la Usalama Marekani ilimzuia Salim kwa kura ya turufu, na China ikamzuia Kurt Waldheim, aliyetaka kipindi cha tatu. Duru zikarudiwa hadi 16. Hatimaye wote wawili walikaa kando, na Javier Pérez de Cuéllar wa Peru akachaguliwa.

Je, Tanzania ilikosea mwaka 1971? Wapo watakaosema kwamba ukimya kidogo ungempatia kijana wetu kiti. Lakini kiti kinachonunuliwa kwa ukimya humfunga mdomo anayekikalia. Cheo kilimpita, kazi haikumpita. Mwaka 1984, baada ya kifo cha Ndugu Edward Sokoine, alikabidhiwa Uwaziri Mkuu. Kuanzia 1989 hadi 2001 alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika.

Huko nako alionja uchungu. Mwaka 1993 wakuu wa nchi walikubali mjini Cairo kuunda chombo cha kuzuia na kusuluhisha migogoro. Mwaka uliofuata yakatokea mauaji ya kimbari ya Rwanda, na Umoja huo haukuwa na majeshi wala fedha za kuyazuia. Mkataba uliotiwa saini Lomé mwaka 2000, ulioanzisha Umoja wa Afrika, uliandika wazi haki ya kuingilia kati panapotokea mauaji ya namna hiyo.

Ndugu zangu, si kila mtumishi atakaa New York. Lakini kila mmoja, ofisini au darasani, siku moja atatakiwa kuchagua kati ya haki na kupandishwa cheo. Siku hiyo akumbuke kwamba Balozi huyu alilipa, na hakufilisika.