Vumbi la Makumbi kwa Bustani za Vyombo: Tuanze na Maji

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi ya Dayosisi katika semina ya kamati za maendeleo za sharika za ukanda wa pwani



Mada yetu inahusu maombi ya miradi yanayoletwa na sharika zenu, hasa yale ya bustani za mboga katika ndoo, viroba na madumu yaliyokatwa. Tunaelewa kwa nini maombi haya yanapendwa. Viwanja vya kaya nyingi ni vidogo, na udongo wa pwani kwa sehemu kubwa ni mchanga. Ukimwagilia asubuhi, mchana maji yameshazama. Chombo humwezesha mama kulima mchicha, nyanya, bilinganya au pilipili mlangoni kwake.

Maombi mengi yanataja kokopiti, yaani vumbi la makumbi ya nazi, na yanaomba fedha za kununua matofali yake dukani. Swali tulilojiuliza ofisini ni hili: je, mahali ambapo makumbi yanalundikwa nyuma ya nyumba, tununue vumbi hilo hilo lililosafiri kutoka India au Sri Lanka? Na kama tutalitengeneza wenyewe, ni jambo gani litakaloamua kama mradi utafaulu? Jibu letu ni kwamba tunaweza kulitengeneza, ila kinachoamua ni maji ya kulioshea. Usharika usio na maji baridi ya kutosha usianze na makumbi. Uanze na maji.

Vumbi hili ni kitu gani

Kumbi la nazi lina sehemu mbili. Kuna nyuzi, ambazo wazee wetu huziita usumba na hutumika kusokotea kamba na kutengenezea mazulia ya mlangoni. Kati ya nyuzi kuna chengachenga laini za kahawia ambazo kwa uzito huizidi ile ya nyuzi. Hizo ndizo vumbi tunalolizungumzia. Kwa miaka mingi, katika nchi zinazosindika usumba kwa wingi, vumbi hili lilikuwa taka na lilirundikwa vilima kwa vilima. Kuanzia miaka ya 1980 na 1990 wakulima wa mboga na maua wa Ulaya walianza kulitumia badala ya udongo wa piti, ambao huchimbwa katika ardhi ya kinamasi na hujijenga kwa kasi ndogo sana, takriban milimita 1 kwa mwaka.

Sifa yake kubwa ni kushika maji bila kuziba hewa. Vumbi kavu linaweza kubeba maji mara kadhaa ya uzito wake, na bado mizizi ikapumua. Tofali la kilo 5 likilowekwa hufikia lita 60 au zaidi.

Hata hivyo, tungependa wajumbe waelewe jambo moja ambalo maandiko mengi ya miradi hulikosea. Vumbi la makumbi si mbolea. Lina potasiamu ya kutosha, lakini naitrojeni inayoweza kutumiwa na mmea ni kidogo sana, na kalisi ni haba. Kazi yake ni kuwa godoro la mizizi na tangi la maji. Chakula cha mmea lazima kitoke kwingine.

Chumvi: adui wa kwanza

Mnazi hustahimili chumvi ya pwani, na sehemu ya chumvi hiyo hukaa ndani ya kumbi. Tatizo huwa kubwa zaidi pale ambapo makumbi yamelowekwa baharini. Mnafahamu utaratibu wa akina mama wa Zanzibar na sehemu nyingine za mwambao: hufukia makumbi ufukweni kwa miezi, maji ya bahari yakijaa na kupwa juu yake, kisha huyafukua na kuyaponda ili kupata usumba. Kwa kamba ni utaratibu mzuri. Lakini vumbi linalobaki limeshiba chumvi, na mche ukipandwa humo kingo za majani hukauka kama zilizoungua, ukuaji husimama, na mwenye bustani hudhani ni ukame. Akiongeza maji kutoka kisima chenye chumvi, anaongeza ugonjwa.

Kwa hiyo agizo la kwanza ni kuchagua makumbi ya shambani, yaliyofuliwa nchi kavu na kukaa mbali na maji ya bahari. Hata hayo lazima yaoshwe, kwa sababu pamoja na chumvi yana rangi ya kahawia, kama chai ya rangi, yenye kemikali zinazodumaza miche michanga.

Hatua za utengenezaji

Makumbi makavu yakatwekatwe, yalowekwe mpaka yalainike, yapondwe kwenye kinu au kwa rungu, kisha yakaushwe kidogo na kuchekechwa. Nyuzi ndefu zitengwe kwa kamba. Vipande vikubwa vikae chini ya vyombo ili kusaidia maji kutoka. Vumbi lirundikwe mahali penye mteremko, na ni vizuri likapata mvua za masika au vuli, kwani mvua hufanya sehemu ya kazi ya kuosha bila gharama.

Baada ya hapo vumbi lioshwe kwenye viroba au ndoo zilizotobolewa, maji yakipita juu hadi chini, mara kadhaa, mpaka yanayotoka yawe yamepauka. Kisha inafuata hatua ambayo wengi huiruka. Chumvi nyingine imejishikiza kwenye vumbi lenyewe na haitoki kwa maji matupu. Inahitaji kalisi ya kuisukuma na kuchukua nafasi yake. Kwa kuwa bustani zetu ni za kilimo hai, tunatumia jasi, madini ya asili ambayo hapa nchini huchimbwa mahali kama Makanya, mkoani Kilimanjaro. Changanya vijiko vya chakula 3 hadi 4 vya unga wa jasi ya kilimo kwa kila debe la vumbi lililolowa, acha usiku kucha, kisha suuza tena. Jasi huyeyuka polepole, takriban gramu 2 tu kwa lita ya maji, kwa hiyo msiharakishe. Na isiwe ile ya mafundi wa dari, ambayo hugandamana ikipata maji.

Kwa vyombo vya mboga tunashauri uwiano huu kwa ujazo:

- Vumbi lililooshwa, madebe 3
- Mboji iliyoiva vizuri, ikiwemo ya minyoo kama ipo, madebe 2
- Pumba za mpunga zilizochomwa zikawa mkaa, au mchanga wa mtoni uliooshwa, debe 1

Mboji iliyoiva hainuki na haina joto ukiingiza mkono. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi na isitumike. Mchanga wa ufukweni nao hurudisha chumvi tuliyokwisha kuitoa.

Kabla ya kujaza vyombo vyote, fanyeni jaribio la mbegu. Pandeni mbegu 10 za kunde au mchicha katika kopo lenye mchanganyiko mpya, na nyingine 10 katika kopo la udongo mzuri wa bustani, mkitumia maji yale yale. Kama zile za mchanganyiko zimechelewa au majani yana kingo za kahawia, rudini kuosha. Jaribio hili halihitaji kifaa, na kila kamati inaweza kulisimamia.

Baada ya kupanda, msidanganywe na juu ya chombo. Vumbi hukauka juu likiwa bado na maji ndani. Ingizeni kidole, au bonyezeni konzi moja kiganjani: likitoa matone, subirini. Baada ya wiki 3 au 4 mboji ya mwanzo hupungua nguvu. Majani ya chini yakianza kuwa njano, ongezeni mboji juu ya chombo au mbolea ya maji ya samadi iliyoiva. Nyanya zikioza kitako, mara nyingi ni dalili ya upungufu wa kalisi au umwagiliaji wa kurukaruka.

Hesabu ya maji

Tuchukue mfano wa kikundi chenye ndoo 40 za lita 20. Kwa uwiano tuliousema, nusu ya kila ndoo ni vumbi, yaani lita 10. Jumla ni lita 400, sawa na madebe 20. Tukikadiria madebe 3 ya maji kwa kila debe la vumbi, tunahitaji madebe 60, yaani lita 1,200, kabla hata ya kumwagilia mche wa kwanza. Maji hayo yakitoka kwenye kisima chenye chumvi, kazi yote ni bure. Yakinunuliwa kwa dumu, faida ya mchicha inaishia kwa muuza maji. Na anayeyabeba kichwani, sote tunajua, ni mama na mtoto wa kike.

Sasa tazameni paa la kanisa. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1. Paa la mita 10 kwa 20, kwa mvua moja ya milimita 25, hupokea lita 5,000. Hata robo yake ikipotea, zinabaki lita 3,750, zaidi ya mara tatu ya mahitaji ya kikundi chetu ya kuoshea. Mabati tunayo tayari. Kinachokosekana mara nyingi ni mifereji na tangi.

Makumbi ni mali ya nani?

Tusisahau kwamba kumbi si taka kwa kila mtu. Zipo kaya zinazopikia makumbi kwa sababu hazimudu mkaa. Mradi ukianza kuyanunua yote, bei itapanda na jiko la maskini litazimika. Kwa hiyo tunashauri kwanza kuongea na wasokota kamba na wafua nazi, na kuchukua vumbi linalobaki baada ya usumba kutolewa, ambalo halifai sana kwa kuni. Vilevile, minazi ya ukanda huu imepungua kutokana na ugonjwa wa kunyong'onyea, hivyo mradi usijengwe kana kwamba makumbi hayataisha. Na malundo yasiachwe kuoza bila kugeuzwa, kwani chonga, mdudu anayetoboa minazi, hupenda kuzaliana katika magogo yaliyooza na malundo ya samadi na takataka. Mkiona mabuu manene meupe, yaondoeni. Kwa ushauri kuhusu mnazi, watafiti wa TARI Mikocheni wamelishughulikia zao hili kwa miaka mingi.

Tunachoomba

Ndugu wajumbe, kuanzia sasa ombi la bustani za vyombo lijibu maswali matatu. Maji ya kuoshea na kumwagilia yanatoka wapi, na yameonjwa na kujaribiwa kwa mbegu? Makumbi yanatoka kwa nani, na nani mwingine anayategemea? Nani atafanya kazi ya kuosha, na je, mzigo huo umegawanywa kwa haki kati ya akina baba, akina mama na vijana?

Ndugu wahisani, tunajua ni rahisi zaidi kupiga picha ya ndoo yenye nyanya nyekundu kuliko mfereji wa bati. Tunawaomba mkubali kwamba katika sharika nyingi za pwani fedha za mwaka wa kwanza ziende kwenye mifereji na tangi, na bustani zifuate. Pale ambapo maji baridi yapo tayari, tuanze msimu huu, kwa ndoo chache, na jaribio la mbegu likiwa limefanyika mbele ya kamati.